Nyumba Iliyoitwa Mjane

Watu wa Kindu wanaweza kukusamehe mengi, lakini nyumba isiyopakwa hawaisamehe. Unaweza kuwa mlevi, unaweza kuwa mvivu, unaweza hata kuoa mke wa pili bila kumwambia wa kwanza; watakusema wiki mbili, kisha watapata mwingine wa kumsema. Ila kuta zako zikibaki mbichi, bila mkono wa mwanamke kupita juu yake na udongo mweupe, utasemwa mpaka wajukuu wako wasikie.

Kwa ukoo wa mama yangu, upande wa Kibombo, nyumba hupakwa kabla ya Idi, hupakwa kabla ya harusi, hupakwa mtoto akizaliwa. Ni moja tu isiyoguswa, nayo ni ya mjane. Mpaka atoke eda, hakuna anayegusa kuta zake kwa mkono wenye maji. Siku akitoka, wanawake wa jirani huja na mabeseni ya udongo, wakasiriba nyumba nzima huku wakipiga soga, na kipande cha mwisho, cha ukuta ule ulio nyuma ya kichwa chake alipokuwa analala, humwachia mwenyewe. Akishakipaka hicho, matanga yamekwisha, anaweza kwenda sokoni na kucheka kama wenzake. Ndiyo maana sisi tukipita mbele ya nyumba yenye kuta mbichi tunashusha sauti.

Sasa fikiria siku ile mbao zilipoondolewa kwenye jengo jipya la ofisi pale mtaani Kasuku. Ghorofa nne za zege tupu, beto kama tunavyosema sisi. Rangi hakuna. Bati hakuna, juu ni bapa kama meza. Nguzo za chini zilikuwa nene hivi kwamba watu watatu wakishikana mikono hawazizunguki, na ukuta wa upande wa mto ulipanda moja kwa moja, wa kijivu, bila dirisha hata moja, mpaka shingo ikuume kwa kuutazama. Mji ulisubiri rangi. Masika ya kwanza yakapita, ya pili yakapita. Mzungu aliyelichora alikuwa ameshaondoka, na alisema kabla ya kuondoka kwamba jengo limekwisha.

Limekwisha vipi? Kila mtu alikuwa na lake. Wengi walisema pesa ya rangi imeliwa, na kwa nchi yetu hilo halikuwa wazo baya. Wafanyabiashara waliokuja kutoka Kalima walisema linafanana na mahodhi ya kampuni ya kuoshea mawe ya madini ya bati. Mzee mmoja aliyekuwa akiuza ndala sokoni alisema nyumba isiyo na mabati haijui kama mvua inanyesha. Lakini aliyewashinda wote ni jirani yetu muuza mawese, mwanamke mwenye mdomo ambao ungeweza kuuza maji kando ya mto. Alisimama barabarani na dumu lake kichwani, akalitazama jengo kutoka juu hadi chini, akasema:

"Hii njo nyumba ya mujane. Bwana yake alikufa, na hakuna muntu ya kumupakia."

Ikawa ndiyo hivyo. Hata watoto walilijua kwa jina hilo. Ukiuliza njia, unaambiwa fika kwa Mjane, halafu kata kushoto.

Mimi nilikuwa na sababu zangu za kuona haya. Nilikuwa shule ya msingi, na aliyelijenga jengo lile, kwa sehemu yake, ni baba yangu.

Baba hakuwa mwashi. Alikuwa seremala wa kofraji, yaani fundi wa ile kalibu ya mbao ambamo zege humiminwa likiwa uji, likaachwa likauke. Ni kazi ya ajabu ukiitafakari. Unapima, unaranda, unafunga, unajenga nyumba nzima ya mbao kwa miezi; kisha wanaijaza zege, wanaibomoa, na mbao zako zinapikiwa ugali wa vibarua. Hakuna anayekwambia ahsante, maana hakuna anayeiona kazi yako. Baba hakulalamika. Jumapili alinishika mkono tukaenda pale, akapitisha kiganja ukutani polepole, kama mtu anayemtuliza ng'ombe.

"Beto haisahau," aliniambia. "Mbao uliyoipa, njo itakuonyesha. Gusa hapa. Hii ilikuwa kambala. Hii ya chini ilikuwa muti ya kule Kibombo, laini, ilinisumbua."

Niligusa. Niliona kijivu. Nilisema ndiyo baba, nikiomba wanafunzi wenzangu wasipite.

Mama hakusema hata hiyo ndiyo. Yeye alikuwa na kesi na jengo lile, na kesi yenyewe ilihusu mlango wake.

Mlango huo ulikuwa wa nyumba yetu. Babu, baba yake mama, aliuchonga kwa mikono yake kule Kibombo, akampa binti yake alipoolewa. Ulikuwa wa kambala nzito, mti ambao wengine huuita mvule. Katikati ulikuwa na ufa, na babu aliuziba kwa kiraka cha mbao ya rangi nyingine, kilichokatwa mfano wa samaki wawili wanaobusiana. Chini pembeni alitoboa tundu la mviringo ili kuku waingie jioni bila kumsumbua mtu. Mama aliupenda mlango ule kuliko kitanda.

Siku ya kujaza ukuta wa ngazi, baba alikuwa kazini tangu alfajiri. Ukuta kama ule unajazwa mara moja bila kusimama. Ukisimama, zege linaacha mshono, na maji yatapitia hapo maisha yote. Zege lilikuwa limefika kiunoni pale kalibu ilipopasuka upande mmoja. Mbao zilikuwa zimekwisha. Wingu lilikuwa limeshasimama juu ya mto Lualaba. Mama alikuwa shambani. Baba alikimbia nyumbani, akang'oa mlango kwenye bawaba zake, akaubeba kichwani hadi kazini. Alipofika akaona tundu la kuku litavujisha zege, akalifunika kwa kifuniko cha kopo la maziwa ya unga, akakipigilia misumari mitatu. Kisha akaufunga mlango kwenye kalibu, wakaendelea kumimina.

Mama alirudi na kapu la mihogo, akaikuta nyumba yake wazi na mbuzi wa jirani amelala kitandani.

"Baba ya watoto, mulango yangu iko wapi?" alimuuliza jioni.

"Iko kazini," baba akasema. "Imepata kazi ya serikali."

Hakucheka mtu. Kwa majuma mengi tulilala nyuma ya mkeka ulioning'inizwa, nyumba ya seremala, na mji mzima ukitucheka. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Sisi tulikuwa ndio gae lenyewe. Baadaye kibarua mmoja alimwambia mama kwamba mbao zote za ukuta ule zilichomwa jikoni, mlango ukiwa miongoni mwazo. Baba alimtengenezea mwingine, wa kupendeza kuliko ule, wenye kitasa cha dukani. Mama aliufungua na kuufunga miaka yote hiyo bila kuusifu hata siku moja.

Ukawa utani wao, wenye mwiba ndani. Kila walipopita kwa Mjane, baba alikuwa akimuuliza kwa sauti ya upole:

"Umeiona mulango yako?"

Na mama, bila kugeuza shingo: "Nitaiona wapi?"

Nimewasikia wakisema hivyo nikiwa mtoto, nikiwa msichana, na nikiwa tayari mwalimu mwenye watoto wangu wawili. Nilidhani watasema hivyo mpaka wazeeke.

Kisha vita vikaja, na mji ukafungwa. Mashamba yalikuwa nje, na nje hakuendeki. Treni haikuja. Chumvi tulilamba kwa ncha ya kidole. Mume wangu alikuwa amekwama Kalima, nami nilikuwa nimerudi na wanangu kwa wazazi wangu. Asubuhi moja baba alivuka mto kwa mtumbwi kwenda Alunguli, ng'ambo, kututafutia mihogo. Alisema atarudi jioni. Mchana ule mitumbwi ilipigwa marufuku, na mto, ambao siku zote tuliuvuka kama watu wanaovuka barabara, ukawa mpaka.

Wiki iliyofuata mtaa wetu, uliokuwa pembezoni, ulichomwa. Tulitoka na sufuria moja na mkeka mmoja. Nyuma yetu niliuona mlango mpya wa baba, wenye kitasa cha dukani, ukiwaka kwa moto safi kama uliopakwa mafuta. Mama hakugeuka.

Watu walikuwa wanakimbilia kwa Mjane. Makarani walikuwa wameshatoroka, na waporaji walikuwa wamelidharau jengo: mabati ya kung'oa hakuna, dari hakuna, na milango ya vyumba ilikwisha kuchukuliwa zamani. Mama alisimama nje.

"Mimi sitalala mule," alisema. "Mule alikula mulango yangu, atakula na sisi."

Jirani muuza mawese, ambaye naye nyumba yake ilikuwa majivu, alimshika mkono. "Dada, ingia. Maneno tutayasema tukiwa ndani."

Mama akaingia. Tulipanda hadi kati ya ghorofa ya kwanza na ya pili, pale ngazi inapogeuka, kwa sababu hapakuwa na dirisha. Mama akautandika mkeka, akaegemea ukuta, akafunga macho.

Nataka niseme wazi nilichokisikia usiku wa kwanza na siku zilizofuata, kwa maana sijapata kukisikia mahali pengine. Mabomu yalipoanza kuanguka upande wa uwanja wa ndege, nyumba za matofali zilizotuzunguka zilitetemeka mpaka mabati yakalia. Jengo letu halikulia. Risasi zilipiga ule ukuta wa upande wa mto, ule tuliouona mbaya kuliko yote, na sisi upande wa pili tulisikia sauti ndogo tu, kama mtu anayegonga karanga kwa jiwe. Niliweka kiganja ukutani. Ulikuwa baridi, na haukusogea. Nilihisi woga wa aina nyingine, ule wa mtu aliyesimama karibu na kitu kikubwa kilichomtangulia duniani na ambacho hakina haja naye, lakini kimemfunika. Wanangu walilala. Nililia kwa sababu walilala.

Asubuhi nilimsikia jirani akizungumza na nguzo ya chini. Alikuwa akiipigapiga kiganja. "Samahani, mama," alisema. "Nilikutukana sana." Watu walicheka, lakini baada ya hapo niliona zaidi ya mtu mmoja akipita na kuigusa kwa siri.

Mwezi wa pili tukiwa mle, mpiga kasia mmoja aliyekuwa akivuka kwa kujificha alituletea habari. Baba aliugua homa kule Alunguli. Dawa hazikuwepo. Watu wema walimzika. Mpiga kasia alimkabidhi mama mita ya kukunja ya mbao, ile ambayo baba hakuachana nayo, akaondoka haraka.

Mama aliingia eda pale pale, penye kona ya ngazi. Miezi minne na siku kumi alikaa na mgongo wake kwenye ukuta ule. Tulimpisha kwa kupanda upande wa pili. Hakumlilia baba kwa sauti. Kitu kimoja alinieleza, siku moja nilipokuwa namchana nywele: "Asubuhi ile aliniuliza tena juu ya mulango. Tulikuwa hata hatukupita kule. Aliniuliza tu kwa mulango ya jikoni, akiwa anaenda mutoni. Na mimi nilikuwa na hasira ya njaa. Sikumujibu."

Hilo ndilo lililokuwa likimla. Kifo kumpata mtu ni kazi ya Mungu, lakini neno uliloacha kulisema ni lako mwenyewe, na hakuna wa kulipeleka ng'ambo.

Eda ilipokaribia kwisha, likazuka tatizo. Mjane anatokaje eda bila nyumba ya kupaka? Yetu ilikuwa majivu. Wanawake walishauriana kwenye ngazi, na jirani muuza mawese akakata shauri.

"Tunalala hapa, tunapika hapa. Basi hapa njo kwake. Tutapaka hii."

"Yote?" mmoja akauliza.

"Pale mikono itafika."

Nilifikiri ni wazimu, na mpaka leo sijui kama haukuwa. Udongo mweupe ulipatikana ukingoni mwa mto, mahali ambapo wenye bunduki walikuwa wakiona vizuri. Walikwenda wanawake sita kumekucha, na mabeseni kichwani kama watu wanaokwenda kufua. Walirudi wote sita. Jirani alikuwa bado anabishana juu ya nani alichota udongo wenye mchanga.

Wakaanza chini, ukumbini. Na hapo ndipo lilipotokea lile kosa ambalo mwanamke yeyote wa kwetu angelifanya: waliupaka ukuta wa zege kama unavyopaka ukuta wa udongo. Ukuta wa udongo hunywa maji, ukashika. Zege halinywi. Udongo uliteremka kama uji kwenye sahani, ukadondoka miguuni mwao. Wakapaka tena, ukateremka tena. Jirani alikasirika, akavua kilemba, akaanza kuufuta ukuta kwa nguvu, akiulaani. Alifuta kipande kikubwa kama mkeka, kisha mkono wake ukasimama.

"Mwalimu," aliniita taratibu. "Kuja uone."

Uso wa ukuta ulikuwa umerudi kuwa wa kijivu, lakini ndani ya kila mfereji mwembamba udongo mweupe ulikuwa umebaki. Na mifereji ile ilikuwa mbao. Mbao baada ya mbao, zimelala sambamba, zenye mishipa yake, zenye vifundo vyake, zenye vichwa vya misumari, zenye kovu la randa pale ilipokwaruza. Wanawake wote wakaanza kufuta. Ukumbi wote ukaamka mbele yetu, msitu mzima uliochomwa jikoni miaka mingi nyuma, kila mti na jina lake, na mimi niliyesoma nilisimama nisijue pa kuweka mikono. Nikaiona kambala. Nikauona ule mti laini wa Kibombo uliomsumbua. Baba alikuwa amenionyesha vyote hivi, na nikamjibu ndiyo baba, nikitazama barabarani.

Walipanda wakipaka na kufuta, mpaka wakafika kwa mama. Kipande cha nyuma ya kichwa chake kilikuwa chake. Akasimama, akaukunja mkeka wake, akachovya mikono, akapaka. Udongo ukateremka. Jirani akampa kilemba chake kilicholowa, naye akafuta.

Kwanza palitokea duara, karibu na sakafu, lenye vitone vitatu vya misumari. Duara la kifuniko cha kopo. Mama alilitazama kama mtu anayesoma barua ya mwandiko mbaya. Akafuta juu zaidi. Ikatokea mishipa mipana ya kambala, ikatokea ufa, na katikati ya ufa, weupe pe, samaki wawili wanaobusiana.

Mama akakaa chini. Kwa miezi minne na siku kumi alikuwa ameuegemea mlango wake.

"Alinambia," alisema. "Kila siku alinambia. Nilizani ni utani."

Nikapiga magoti karibu naye. Wanawake waliteremka ngazi mmoja mmoja wakatuacha. Alipitisha kidole kwenye bawaba, kwenye alama ya komeo, akarudi kwenye bawaba.

"Iko upande wa kushoto," alisema. "Bawaba ilikuwa kuume, ukisimama inje."

Nikaelewa kabla hajaeleza. Alama ya kitu hugeuka, kama uso kwenye kioo. Mlango ulioshika zege kwa uso wake wa nje ulikuwa unaonekana kama unavyouona mlango wako ukiwa nyumbani umejifungia.

"Tuko ndani," mama akasema, na ndipo akalia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu mpiga kasia aje.

Mara nyingi nimejiuliza. Baba angeuacha mlango ule mahali pake, ungeungua na nyumba. Kwa kuuiba ndivyo alivyouhifadhi. Sidhani kama alijua. Alikuwa na ukuta wa kujaza na mvua inakuja. Lakini nikikumbuka alivyokuwa akiuliza, mwaka baada ya mwaka, kwa upole ule, nadhani alijua walau kwamba upo, na alikuwa akisubiri siku mama atakapokubali kupanda ngazi naye.

Vita vikaisha kama mvua inavyoisha, hapa imekatika na pale bado. Makarani walirudi. Mume wangu alirudi. Masika yaliosha udongo wa nje, na mabega ya watu na matambara ya wasafishaji yakamaliza wa ndani. Jengo likarudi kuwa kijivu, na jina lake likarudi. Watu husahau haraka walipojificha.

Hivi karibuni tulisikia kwamba litatengenezwa. Alikuja mhandisi kijana, mwenye heshima, akatembea sokoni na karatasi akiuliza maoni ya watu. Maoni yalikuwa yale yale ya utotoni kwangu. Lipakwe lipu, litiwe vigae, liwekewe vioo vya buluu. Dereva mmoja wa pikipiki alimwambia mji wenye nyumba kama ile hauwezi kupigwa picha. Ukafanywa mkutano ukumbini pale chini. Nikasimama. Nilisema muda mrefu kuliko niliopewa: kwamba zege lile ndilo lililotufunika, kwamba lina uzuri wake wa kiume usioomba sifa, kwamba libaki lilivyo, kila ukuta, kila nguzo.

Jirani yetu muuza mawese, sasa hana meno ila mdomo ni ule ule, akanyoosha fimbo.

"Mwalimu, wewe ulisoma. Lakini hata mujane anatoka eda. Huyu yuko kwa matanga miaka ngapi?"

Ukumbi ukacheka. Iliniuma kwa sababu alikuwa na haki, kwa desturi yetu wenyewe. Nilirudi nyumbani nimevimba, nikamsimulia mama, ambaye anaishi nami na ambaye sasa hutembea kwa kushika kuta. Nilitegemea akasirike pamoja nami.

"Alisema kweli," mama akasema. "Wapake."

"Na mlango, mama?"

Alinitazama kama mwanafunzi mzito. "Uliona muntu gani anapaka mulango? Wanapaka nyumba. Mulango wanaiacha."

Mimi nilikuwa nimepigania ghorofa nne. Yeye alihitaji kipande cha upana wa mikono miwili iliyonyooshwa. Kesho yake aliniambia nimbebee beseni.

Mafundi walikuwa wameshaanza kusimamisha majukwaa. Mhandisi alitukuta kwenye ngazi, mama akipumzika kila vidato vitatu, akamwambia kwa adabu kwamba kule juu kuna hatari.

"Mutoto yangu," mama akasema, "kule juu niliketi miezi ine. Hatari naijua. Kuja unishike."

Akamshika. Pale kwenye kona mama akachovya mikono kwenye beseni, akapaka ukuta kuanzia chini hadi pale mkono wake ulipofika, akaniachia mimi sehemu ya juu. Kisha akafuta. Kijana yule alikuwa ameshika mchoro wake, na nilimwona akitazama mchoro, akitazama ukuta, akitazama mchoro tena. Duara la kopo. Ufa. Samaki. Bawaba. Alivua kofia yake ya kazi.

"Ni nani alifanya hii, mama muzee?"

"Bwana yangu. Ni mulango yangu. Aliikamata bila kuniuliza." Akamweleza desturi: nyumba hupakwa mpaka kwenye kingo, mlango huachwa, kwa maana usipouacha, wa ndani watatokaje na wa nje wataingiaje.

Mhandisi alisema mkataba unataka kuta zote. Alilisema hilo mara moja, na kwa sauti ya mtu asiyependa anachokisema. Kisha akakaa kidatoni karibu na beseni letu. Baada ya muda akatoa chaki mfukoni, akainuka, akachora mstari kuuzunguka mlango, pande zote nne, akizipima kingo kwa macho. Mama akampa mita ya baba, ile ya kukunja, apime vizuri.

Lipu ilikwisha kabla ya mvua. Jengo sasa lina rangi ya maziwa, na pikipiki husimama mbele yake watu wapigwe picha. Nakiri linapendeza. Jirani alikuja kulitazama, akasema sasa huyu mama anaweza kuolewa. Jina la Mjane nalisikia kwa wazee tu.

Nilimpeleka mama siku majukwaa yalipoondolewa. Tulipanda taratibu. Kuta za ngazi zilikuwa laini, zikinuka rangi, na pale zinapogeuka lipu ilikoma kwa ukingo ulionyooka, na ndani ya ukingo ule ulikuwepo mlango, wa kijivu, wenye udongo wetu mweupe bado kwenye mishipa. Karani mmoja alipita na mafaili, akaukwepa kwa bega kama watu wanavyokwepa mlango unaoweza kufunguka.

Mama akaweka kiganja kwenye komeo. Nilidhani atasoma dua. Akasema, kwa sauti ile ile aliyokuwa akimjibu barabarani bila kugeuza shingo:

"Nimeiona, baba ya watoto. Lakini ungeniuliza kwanza."

Kisha akaniomba mkono, tukashuka.